Jumamosi Imefika, Nani Yupo? Wasomaji Wauliza Kuhusu Futiboli ya Vyuo Wakati wa Vita

Katika toleo lililopita tuligusa, kwa mistari michache tu, habari za vyuo vikuu vya Marekani vilivyoendelea na michezo wakati wa Vita Kuu ya Pili huku wanafunzi wakiitwa jeshini. Barua zilizofuata zimetoka hapa Lubumbashi, yaani Kasapa, komini ya Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba na Kamalondo, na moja imetufikia kutoka Bukavu.

Kwa asiyeujua mchezo huo: futiboli ya Kimarekani si mpira wetu wa miguu. Kila upande una watu 11, na uwanja una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 na kidogo, bila kuhesabu maeneo mawili ya kufungia. Mpira una ncha mbili, unabebwa mkononi au unarushwa. Wenye mpira wanapewa majaribio manne kusogea yadi 10, karibu mita 9. Wakishindwa, wapinzani wanauchukua. Kuuvusha mstari wa mwisho kunaitwa tachidauni, pointi 6. Msimu wa vyuo wakati ule ulikuwa mfupi, Septemba hadi mwisho wa Novemba, mechi nane mpaka kumi hivi, na siku ya mechi ilikuwa Jumamosi. Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi pale pale: Jumamosi ikifika, nani yupo?

Ba yaya, jambo yenu. Mliandika kwamba mwaka 1943 chuo kimoja kilikuwa na wachezaji hadi wa kuchagua, na jirani yake alibaki na watoto. Vita ilikuwa moja na nchi moja. Tofauti ilitoka wapi? (Mwanafunzi wa historia, Kasapa)

Ndugu yetu, ilitoka kwenye sare. Novemba 1942 umri wa kuitwa jeshini ulishushwa hadi miaka 18, kwa hiyo karibu kila kijana wa chuo akawa mali ya jeshi. Lakini majeshi yalihitaji maofisa wenye elimu, yakawarudisha vijana wengi madarasani wakiwa wamevaa sare. Jeshi la Majini lilianzisha mpango ulioitwa V-12 tarehe 1 Julai 1943, katika vyuo 131. Jeshi la Nchi Kavu lilikuwa na mpango wake wa mafunzo maalumu katika vyuo vingine.

Kwa upande wa michezo, mipango hiyo ilitofautiana kabisa. Jeshi la Majini liliona futiboli kuwa sehemu ya kumwandaa mpiganaji, likawaruhusu wanafunzi wake kuchezea chuo walichopelekwa, mradi wamalize kazi yao: saa 17 za masomo kwa juma na saa tisa na nusu za mazoezi ya mwili. Jeshi la Nchi Kavu lilisema masomo yake hayaachi nafasi, likakataza wanafunzi wake kucheza mechi za vyuo. Hapo ndipo bahati ya kila chuo ilipoamuliwa, na kocha hakuulizwa.

Chukua majirani wawili. Ohio State ilimaliza msimu wa 1942 ikiwa ya kwanza nchini. Chuo hicho kikapata mpango wa Jeshi la Nchi Kavu. Mwaka uliofuata kocha Paul Brown alibaki na vijana wa miaka 17 na 18 wasiofikiwa bado na jeshi, wakashinda mechi tatu na kupoteza sita. Michigan ilipata V-12. Jeshi likamletea kocha Fritz Crisler, bila yeye kuomba, Elroy Hirsch aliyekuwa nyota wa Wisconsin mwaka uliotangulia, na Bill Daley kutoka Minnesota. Michigan ikashinda mechi nane, ikapoteza moja. Purdue, kwa njia hiyo hiyo, ilipokea wachezaji waliokuwa wa Illinois na haikupoteza hata mechi moja kati ya tisa. Illinois iliwaona vijana wake wakishinda katika jezi ya watu wengine.

Vyuo vingine vilifunga kabisa. Alabama, Tennessee na Michigan State havikuwa na ekipe mwaka 1943. Stanford ilikaa nje kuanzia 1943 hadi 1945. Na usidhani waliokatazwa kucheza waliachwa wasome kwa amani: mapema 1944 Jeshi la Nchi Kavu lilivunja sehemu kubwa ya mpango wake na kuwapeleka vijana hao kwenye vikosi vya mapigano.

Kando ya vyuo zilikuwepo ekipe za kambi zenyewe. Mwaka 1942 Jeshi la Majini lilifungua shule za matayarisho ya marubani huko Iowa, North Carolina, Georgia na St. Mary's ya California, na futiboli ikawa somo ndani yake. Ekipe ya shule ya Iowa ilimaliza msimu wa 1943 ikiwa ya pili nchini, juu ya karibu vyuo vyote. Ilipoteza mechi moja tu, 14 kwa 13, mbele ya Notre Dame. Katika benchi lake la ufundi alikuwemo Don Faurot, aliyebuni mpangilio wa mashambulizi ulioenea nchi nzima baada ya vita kwa sababu makocha wasaidizi wake, Bud Wilkinson na Jim Tatum, waliujifunza pale kambini.

Mchezaji akiitwa katikati ya msimu, ekipe ilifanya nini? (Kocha wa vijana, komini ya Kenya)

Kocha, swali lako ndilo lililowanyima makocha wale usingizi. Muhula wa V-12 ulikuwa wa majuma 16, ukianza Julai 1, Novemba 1 na Machi 1. Sasa weka kalenda hiyo juu ya msimu wa futiboli. Mwisho wa Oktoba, msimu ukiwa umefika nusu na kupita, muhula unakwisha na watu wanahamishwa. Ekipe iliyokuwa moto Oktoba ilikuwa nyingine kabisa Novemba. Daley aliichezea Michigan mechi sita, akaondoka.

Notre Dame ya 1943 ndiyo ya kujifunza zaidi. Mshika usukani wake, kwotabeki Angelo Bertelli, alicheza mechi sita, akaitwa kwenye kikosi cha Marine. Hata hivyo alipewa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo mwaka huo, kwa mechi sita tu. Juma lililofuata kuondoka kwake, kijana Johnny Lujack aliingia mahali pake dhidi ya ekipe ya West Point, chuo cha maofisa wa Nchi Kavu, na Notre Dame ikashinda 26 kwa 0.

Hilo halikuja kwa bahati. Katika mpangilio wa T uliotumiwa na kocha Frank Leahy, kwotabeki anasimama nyuma kabisa ya mchezaji wa kati na kupokea mpira mkono kwa mkono katika kila jaribio. Mikono hiyo minne isipozoeana, mpira unaanguka, na ukianguka ni wa atakayeuwahi. Mtu wa pili anayetazama mazoezi akiwa pembeni hawezi kuingia Jumamosi na kupokea mpira huo mara 60 bila kosa. Lazima awe ameupokea wakati wa juma, tena kutoka kwa mchezaji wa kati yule yule. Kwa mpira wetu, fikiria kipa na mabeki wake wa kati: kipa wa pili anayefanya mazoezi na watoto wa akiba tu ataingia mechi akiwa mgeni kwa mabeki wake. Kila juma mpe theluthi ya mazoezi akiwa na mabeki wa kwanza. Ukingoja siku kipa wa kwanza atakapoondoka, umechelewa.

Sheria nayo ilikuwa imesaidia. Kabla ya 1941 mchezaji aliyetoka hakuweza kurudi katika robo ile ile ya mechi. Mwaka huo waliruhusu kubadilisha karibu wakati wowote, na ekipe zenye watu wachache na wachovu zikapata pumzi. Crisler aliichukua sheria hiyo mbali zaidi: Oktoba 1945 aliingiza kundi moja la kushambulia na lingine la kuzuia dhidi ya West Point iliyokuwa na nguvu kupita wote. Alipoteza 28 kwa 7, lakini leo karibu futiboli yote inachezwa hivyo.

Mimi nauza matairi ya mitumba barabarani. Nimesikia kwamba Marekani wakati wa vita iligawa esansi kwa vipimo si kwa sababu ya kukosa esansi, ila kwa sababu ya matairi. Ni kweli? Na ekipe zilisafirije? (Baba wa Ruashi)

Ni kweli, Baba. Wajapani walipoteka Malaya na visiwa vya Waholanzi (Indonesia ya leo) mapema 1942, Marekani ilipoteza karibu mpira wote wa asili iliokuwa ikiununua. Esansi wanayo, lakini gari likitembea tairi linalika. Kwa hiyo kuanzia Desemba 1942 mgao ulienea nchi nzima. Gari la kawaida lilipata galoni 4 kwa juma, kama lita 15, na mwendo ukawekewa kikomo cha kilomita 56 kwa saa, maana tairi linalokimbia linapata joto na kuisha haraka. Wewe unayauza, unalijua hilo.

Shida hiyo ilifika mpaka kwetu. Utawala wa Kibelgiji uliwarudisha watu msituni kutafuta mpira wa mwitu, na mwaka 1942 siku za kazi ya lazima kwa mwaka zilipandishwa kutoka 60 hadi 120. Wazee wetu waliulipa mgao ule kwa miguu yao, na haifai kusimulia habari ya viwanja vya Marekani bila kuwataja.

Kuhusu safari, treni zilikuwa za askari kwanza. Mechi kubwa ya mwaka kati ya West Point na Annapolis, chuo cha maofisa wa Majini, ilikuwa ikichezwa Philadelphia mbele ya watu karibu laki moja. Mwaka 1942 ilihamishiwa Annapolis penyewe, na tiketi zikauzwa kwa wakazi wa umbali wa maili 10 tu, kilomita 16. Wanafunzi wa West Point hawakuruhusiwa kusafiri. Basi sehemu ya wanafunzi wa Annapolis wakaamriwa kukaa upande wa pili na kuwashangilia wapinzani wao. Walishangilia, na ekipe yao wenyewe ikashinda 14 kwa 0. Mwaka 1943 ikawa zamu ya West Point kuwa wenyeji, kwa utaratibu ule ule. Mwaka 1944 ilipelekwa Baltimore, na aliyetaka tiketi ilimpasa kwanza anunue hati ya mkopo wa vita. Zikapatikana dola zaidi ya milioni 58.

Iko pia mechi ya Rose Bowl ya Januari 1, 1942, ambayo kwa kawaida huchezwa Pasadena, California. Desemba 7, 1941 Wajapani walikuwa wamepiga Pearl Harbor, kambi ya meli za vita za Marekani, na jeshi likakataza mkusanyiko mkubwa katika pwani ya California. Chuo cha Duke, kilichokuwa kicheze na Oregon State, kikajitolea uwanja wake huko Durham, North Carolina, upande wa pili wa nchi. Viti vya ziada vikaazimwa kwa majirani, watu 56,000 wakaingia, na Oregon State waliovuka bara zima kwa treni wakashinda 20 kwa 16.

Tulipewa mpira mmoja wa Kimarekani wa ngozi, tunautumia kufundishia watoto kurusha. Kila baada ya siku mbili umelegea. Kosa liko wapi? (Mama mwalimu, Katuba)

Mama, anza na sindano ya pampu. Ikiingia kavu inachana kinywa cha ndani, na upepo unatoka polepole namna hiyo hiyo. Ilowanishe kwa maji kila mara, uiingize wima bila kuizungusha. Kisha weka povu la sabuni juu ya kinywa: mapovu yakitokea hapo, umelijua tundu lako. Yasipotokea, tundu liko kwenye kibofu cha ndani.

Usiutumbukize mpira mzima katika beseni, ngozi itakunywa maji na kuwa nzito. Mpira huu una kamba juu. Toa upepo wote, fungua kamba, kitoe kibofu, kijaze kidogo, hicho ndicho kiingie majini. Kiraka ni kama cha baiskeli: kwangua kwa msasa, paka solusheni, ngoja ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza. Wengi hawangoji, na kiraka kinaachia mechi ya kwanza. Unapokirudisha, kijaze nusu kwanza ili kisijikunje ndani, halafu funga kamba, halafu maliza kujaza.

Kipimo chake ni bar 0.86 hadi 0.93, na mpira wote uwe na gramu 397 hadi 425. Ukizidisha, watoto hawataweza kuushika, vidole vyao ni vifupi. Juni na Julai, asubuhi za baridi za hapa Lubumbashi, utaukuta umelegea bila tundu lolote, maana hewa baridi inajibana. Uangalie tena saa sita kabla ya kumsumbua fundi. Na mvua ikiulowesha, ufute, uache kivulini. Ukiukausha karibu na mbabula, ngozi itakakamaa na nyuzi za mshono zitakatika.

Nilifanya kazi migodini miaka mingi. Mjukuu wangu ananiambia kwamba bomu la atomiki lilianzia katika uwanja wa mpira. Nimemwambia lilianzia Shinkolobwe. Nani yuko sahihi? (Mzee mstaafu, Kampemba)

Mzee wetu, nyote wawili. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa na ekipe maarufu iliyojengwa na kocha Amos Alonzo Stagg tangu 1892. Mwishoni mwa 1939 mkuu wa chuo, Robert Hutchins, aliifuta futiboli, na majukwaa ya uwanja wa Stagg Field yakabaki matupu. Chini ya jukwaa la magharibi palikuwa na chumba cha kuchezea mpira wa ukutani. Humo ndimo Enrico Fermi na wenzake walipopanga matofali ya grafiti na urani, tabaka 57, na tarehe 2 Desemba 1942 alasiri wakafaulu kwa mara ya kwanza duniani kuwasha moto wa atomiki unaojiendesha na kuuzima wapendavyo.

Urani uliotumika katika mradi mzima wa bomu ulitoka kwa sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mkurugenzi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amepeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York mwaka 1940, na Wamarekani wakayanunua Septemba 1942. Mawe ya kwetu yalikuwa na utajiri ambao mgodi mwingine wowote wa wakati ule haukuukaribia.

Na Stagg mwenyewe? Chicago ilikuwa imemstaafisha kwa umri mwaka 1932. Akaenda California, chuo kidogo cha Pacific, ambacho vita ilipofika kilipata V-12. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, alishinda mechi saba na kupoteza mbili akiwa na wanafunzi wa Jeshi la Majini, na makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka.

Je, weusi walicheza? (Msomaji wa Kamalondo)

Walicheza, lakini si kila mahali. Vyuo vya wazungu vya kusini mwa Marekani havikuwapokea weusi kabisa. Alabama haikuwa na mchezaji mweusi katika ekipe yake kubwa hadi 1971. Jeshi lenyewe lilitenganisha watu kwa rangi, na amri ya Rais Truman ya kukomesha hilo ilitoka Julai 1948 tu. Mpango wa V-12 ulikuwa mlango mmojawapo uliofunguliwa kidogo: uliwapokea weusi, na Samuel Gravely aliyepitia humo huko UCLA alikuja kuwa amiri wa kwanza mweusi wa Jeshi la Majini.

Uwanjani, jina la kushika ni Buddy Young wa Illinois. Urefu wake mita 1.63 tu. Mwaka 1944, katika msimu wake wa kwanza chuoni, alifunga tachidauni 13, akaifikia rekodi ya chuo iliyowekwa na nyota wa zamani, Red Grange. Mwaka uliofuata Jeshi la Majini likamchukua. Alirudi baada ya vita, na Januari 1, 1947 Illinois ikaichapa UCLA 45 kwa 14 katika Rose Bowl, yeye akiwa nguzo.

Si wote waliorudi. Nile Kinnick wa Iowa, mshindi wa Heisman ya 1939, alikufa tarehe 2 Juni 1943 akiwa na miaka 24. Ndege yake ilivuja mafuta katika mazoezi nje ya pwani ya Venezuela, akatua majini, na mwili wake haukupatikana. Uwanja wa Iowa una jina lake tangu 1972.

Sisi tunapanga mashindano ya fakilte hapa Bukavu, mpira wa miguu. Tangu vita ifike mjini wachezaji wametawanyika, wengine wamekuja kwetu kutoka kampusi nyingine. Tulianza na ekipe sita, kila juma moja inakosa watu. Tufanye nini? (Kamati ya michezo)

Ndugu zetu, pokeeni salamu zetu kwanza. Kisha andikeni sheria zenu kabla ya mechi nyingine kuchezwa, ukurasa mmoja, kila nahodha atie sahihi. Sheria inayotungwa baada ya ugomvi haimpatanishi mtu.

Mchezaji aliyehamia kwenu kutoka kampusi nyingine acheze siku ile ile anayoandikwa, bila kusubiri. Wamarekani walifanya hivyo kwa Hirsch na mamia ya wenzake, kwa kuwa hakuna aliyejihamisha kwa kupenda. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza nao waruhusiwe. Lakini mtu mmoja, ekipe moja mpaka msimu uishe. Hapo msilegeze, la sivyo fakilte yenye pesa itakusanya wachezaji wa klabu na wengine watakata tamaa. Kubadilisha kuwe huru, na aliyetoka aweze kurudi. Ekipe ikifika na watu saba tu, chezeni saba kwa saba, nusu uwanja, dakika 20 mara mbili, na matokeo yahesabiwe.

Ratiba ya ekipe sita ni mechi 15 katika mizunguko mitano. Ekipe ya 1 inabaki mahali pake, nyingine zinazunguka:

1–6, 2–5, 3–4
1–5, 6–4, 2–3
1–4, 5–3, 6–2
1–3, 4–2, 5–6
1–2, 3–6, 4–5

Zikibaki tano, ondoeni ekipe ya 6, na atakayekutana nayo anapumzika. Mechi isiyochezwa kwa sababu ya hali ya mji iandikwe "haikuchezwa", si 3 kwa 0. Kumnyima pointi mtu aliyezuiwa na barabara ni kumfukuza kwenye mashindano. Msimamo nao msiupange kwa jumla ya pointi, upangeni kwa wastani: ekipe yenye pointi 9 katika mechi 4 ina 2.25, inaitangulia yenye 10 katika mechi 5, ambayo ina 2. Wekeni kiwango cha chini, labda mechi tatu, ili aliyeshinda moja na kupotea asitangazwe bingwa. Ligi za vyuo vya Marekani zilipangwa kwa hesabu ya namna hiyo, maana kila chuo kilicheza idadi yake.

Mambo mengine msiyaige. Kule ekipe zilivaa kijeshi na kujivunia. Kwenu jezi isikaribie rangi wala mchoro wa sare yoyote, na bao lisishangiliwe kwa saluti. Orodha ya majina ikae kwenye daftari moja kwa mtu mmoja, bila anwani wala namba za simu, na isibandikwe ukutani. Mechi zianze saa nane mchana ili kila mtu afike nyumbani jua likiwapo. Asubuhi ya mechi nahodha wa kila ekipe athibitishe watu wake. Ikifika saa nne bila uthibitisho, mechi inaahirishwa na hakuna anayetoka nyumbani bure.

Ni kweli kuna mechi iliyomalizika wachezaji wakiwa wamekwisha kuvua jezi? (Refa, Kasapa)

Ndiyo, Ohio State na Illinois, tarehe 13 Novemba 1943, wale wale vijana walioachwa na jeshi. Ilikuwa 26 kwa 26, jaribio la mwisho likakosa, watu wakaondoka. Lakini msaidizi wa refa alikuwa ameona kosa la Illinois katika jaribio hilo, na mechi haiwezi kwisha kwa kosa la wanaozuia. Waamuzi wakaenda vyumbani kuwaita, ekipe zikarudi kwenye uwanja uliokuwa karibu mtupu, na John Stungis akapiga mpira kati ya milingoti: 29 kwa 26. Wewe, refa, usipulize kipenga cha mwisho kabla ya kuwatazama wasaidizi wako wote wawili, na usiache ekipe zitoke mpaka karatasi ya matokeo imetiwa sahihi.